Namba kwenye boksi la darubini

Jioni moja ufukweni Mikindani, kijana mmoja alileta darubini yake mpya, boksi limeandikwa "mara 500". Tukailenga sayari ya Mshtarii (Jupita). Tukaona doa la ukungu linalotetemeka.

Wengi huamini kukuza ndiko nguvu ya darubini. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwanga, na hapo kinachohesabika ni upana wa lenzi au kioo kikuu. Kikomo cha kukuza ni kama mara mbili kwa kila milimita ya upana huo; lenzi ya kijana yule ya milimita 60 ilikuwa inaishia mara 120. Ukizidisha, unakuza ukungu tu, kama kuvuta picha ya simu mpaka inachuja. Tulipobadili lenzi ya kutazamia tukarudi mara 50, miezi minne inayoizunguka Mshtarii ikajipanga kama shanga.

Darubini ya lenzi hupinda mwanga, na zile za bei ya chini huacha ukingo wa zambarau kuzunguka kile unachokitazama. Ya kioo, kama aliyoitengeneza mwanasayansi Newton mwaka 1668, huakisi mwanga, hivyo rangi hizo hazipo. Tena kwa fedha ileile unapata upana zaidi: kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga mara sita ya lenzi ile. Ila chumvi ya pwani yetu haina huruma na kioo, kifunike ukimaliza.