Ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa: nani anaulizwa mgodi unapokuja?

Ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa ni haki ya jamii kuulizwa, na kujibu ndiyo au hapana, kabla mradi mkubwa haujagusa ardhi, maji au makaburi yake. Dhana hii ilipata nguvu kwenye Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007. Msukuma wa Sengerema au Mzinza wa Geita anaweza kusema hayo ni ya Wahadzabe, wale wawindaji wa porini, yeye hayamhusu. Lakini mwaka 2012 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio kuhusu usimamizi wa maliasili, likazitaka nchi zihakikishe jamii zinashiriki katika maamuzi, ridhaa ya namna hii ikiwamo. Halikuchagua kabila.

Kanda ya Ziwa jambo hili halikauki. Watu wameshapisha migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi unaingia Sengerema, kwenye dhahabu ya Nyanzaga, mradi ambao serikali ilitia saini makubaliano yake mwaka 2021 na wakati huo ikapata hisa za asilimia 16. Magharibi zaidi, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linakatiza Kagera, Geita na Shinyanga.

Huru maana yake hakuna vitisho wala hongo. Mkutano ambao mwenyekiti anaufungua kwa kusema "huu ni mradi wa serikali, mtabishana na serikali?" umeshaharibika kabla ya agenda ya kwanza.

Mapema ndipo wengi wanapokwama. Mara nyingi mwanakijiji anapata habari siku wathamini wanapofika na rangi yao kuandika namba ukutani. Kufikia hapo swali si tena kama mradi uje, ni bei ya mwembe. Kisha hutangazwa tarehe ya ukomo: utakachojenga au kupanda baada yake hakihesabiwi. Sababu yake inaeleweka, kwani tegesha ipo, watu huinua vibanda na kuchomeka miche usiku ili wavune fidia. Ila malipo yakichelewa, anayeadhibiwa ni aliyekuwapo siku zote. Hathubutu kuongeza chumba wala kupanda zao la muda mrefu, na paa linavuja huku anasubiri.

Yenye taarifa ina maana ya kuelewa, na makaratasi peke yake hayatoshi. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ni kitabu kinene cha Kiingereza. Kanuni zinataka iambatane na muhtasari wa lugha nyepesi, Kiswahili kikiwamo. Uulizieni.

Je, sheria ya Tanzania inakipa kijiji nguvu ya kukataa? Kwa sehemu ndogo tu, na ni vizuri kusema ukweli. Madini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, awe nani mwenye shamba juu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa ardhi ya kijiji kuhaulishwa, yaani kuondolewa mikononi mwa kijiji, iwapo haizidi hekta 250. Ikizidi hapo anaamua waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano, na migodi mikubwa haiishii hekta 250. Sheria ya Madini ya 2010 nayo inataka idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, au mita 50 kutoka shamba lililolimwa, ingawa serikali inaweza kuliondoa sharti hilo ikiona idhini inazuiwa bila sababu ya msingi.

Sasa huyo mkaaji halali ni nani? Hapa ndipo dhana nzima inapopimwa, na kwa maoni yangu ndipo inapoanguka mara nyingi. Fomu ina mstari mmoja wa mkuu wa kaya. Baba anaandikwa, baba anapigwa picha mbele ya nyumba, baba anafungua akaunti. Mji wenye wake watatu unakuwa kaya moja. Kule Mara, ambako bado kuna nyumba ntobhu, mwanamke aliyeoa mwanamke mwenzake, fomu hiyo haijui hata pa kuanzia. Vitu anavyovitegemea mama havimo kabisa: bustani ya mchicha kando ya mto, kisima, kichaka cha kuni, robo eka aliyoazimwa na wifi yake. Wala haumo mwalo anakooshea marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu ambayo wanawake wengi wa Geita huyarudia kutafuta chembe. Kwa kuwa si mmiliki, hana cha kuthaminiwa.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa haki ya kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na inabatilisha mila inayomnyima. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Lakini kiti si sauti. Mkutano ukiitwa asubuhi wakati kina mama wako shambani, au mbele ya wakwe zao, watakaa nyuma na kunyamaza, na ukimya huo utaandikwa "wananchi wote waliridhia".

Kuwashirikisha kweli kunagharimu muda zaidi kuliko fedha: kikao cha wanawake peke yao, saa wanayoichagua wao, na majibu yao yasomwe kwenye mkutano mkuu. Kila mke aorodheshwe na nyumba yake. Saini ziwe za wanandoa wote, na malipo yaingie akaunti ya pamoja, au ya kila mmoja kwa kilicho chake.

Jambo la mwisho ni karatasi ya mahudhurio. Kusaini kwamba ulikuwapo, au kwamba umepokea posho na soda, si kuridhia mradi. Kinachoonyesha uamuzi ni muhtasari wa mkutano. Mwombe mtendaji wa kijiji nakala, kisha uangalie ni wanawake wangapi waliongea na kama waliosema hapana waliandikwa.