Lori la zamani uani: breki, rimu na chesisi kabla ya injini

Scania 111 iliacha kutoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukienda leo kwenye machimbo ya mchanga au soko la mbao bado utaikuta, tena imebeba. Nyuma yake zipo 112 na 113, na baadhi ya Scania hizi za zamani ziliunganishwa hapa hapa Tanzania, kiwanda cha TAMCO pale Kibaha. Lori la umri huo likipata mnunuzi mpya haliendi kwa wakala. Linaegeshwa uani, fundi anaitwa, na kazi inaanza chini ya mwembe.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari makubwa chuoni hatuna ugomvi na jambo hilo. Malori haya yalibuniwa yafunguliwe kwa spana. Pampu yake ya dizeli haina kompyuta, na fundi mzuri wa gereji bubu anaifahamu kuliko vijana wengi wenye vyeti. Ugomvi wetu uko kwenye mpangilio wa pesa. Mwenye lori hutoa noti za kwanza kwa injini, za pili kwa rangi na taa, kisha breki zinaambiwa zisubiri safari ya kwanza irudi. Injini ikikataa, lori linasimama. Breki zikikataa ndipo halisimami.

Tuanze basi na upepo, maana ndio unaoendesha breki za lori. Kompresa inajaza mitungi, na ukikanyaga pedali upepo unakwenda kwenye chemba iliyo karibu na kila tairi, unasukuma fimbo, fimbo inazungusha slaki, ule mkono unaogeuza kamu, kamu inatanua breki shoo, nazo zinabana dramu. Hapo hakuna siri. Siri iko kwenye chemba za nyuma, zile zenye vyumba viwili. Chumba cha nyuma kina springi nene iliyokandamizwa, na kazi ya upepo humo ni kuizuia springi isisukume. Upepo ukiisha, springi inafunga breki yenyewe. Ndiyo maana lori lililolala wiki nzima uani halisogei mpaka injini iungurume na geji ipande.

Springi hiyo inasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 900, na inaendelea kusukuma hata lori likiwa limezimwa, betri zimetolewa na matairi yako juu ya mawe. Anayefungua mkanda wa chuma ulioshika chumba hicho ili abadilishe diaframu (mpira unaosukumwa na upepo) ya nyuma amefungua mzinga. Kifuniko kinaruka, na kichwa cha fundi kwa kawaida kiko pale pale. Ipo bolti ndefu ya kuibana springi, ambayo huja na chemba na mara nyingi hufungwa pembeni yake. Hata kuibadilisha chemba nzima kunaanza kwa kuibana springi kwa bolti hiyo. Kama imepotea, au uzi umeliwa na kutu, au mgongo wa chemba umetoboka, usijaribu ujanja wowote. Tafuta fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo. Chumba cha springi chenyewe hakifunguliwi uani hata kidogo, kinabadilishwa kizima. Na ile iliyotolewa usiiuze chuma chakavu na springi yake ndani, kwa sababu kuna kijana atakayeikata kwa gesi bila kujua kilichomo. Kumbuka pia kwamba ukishaibana springi, lori halina tena breki ya kuegesha. Weka kabari matairi yote mawili ya mbele, si jiwe moja lililookotwa njiani.

Kurekebisha breki ni kazi ya kupima, ingawa wengi wanaifanya kwa kusikiliza. Chemba nyingi za nyuma ni saizi ya 30, na namba hiyo huwa imeandikwa kwenye mwili wake. Jaza upepo mpaka geji isome kati ya psi 90 na 100, zima injini, achia breki zote, weka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea. Mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho. Alama ikisogea zaidi ya milimita 51, breki hiyo haifai kwenda barabarani. Chemba za fimbo ndefu zinaruhusiwa hadi milimita 64, lakini lori la umri huu huwa nazo kwa nadra. Kama slaki ni zile zinazojirekebisha zenyewe na bado fimbo inasafiri mbali, kuikaza kwa spana kila wiki ni kuficha ugonjwa: tazama bushi, kamu, au dramu iliyokwisha.

Kwa nini milimita chache zitutie wasiwasi hivyo? Kwa sababu dramu ikipata moto inatanuka na kuikimbia breki shoo, na fimbo inalazimika kusafiri zaidi ili kuifikia. Lori la tani 26 likishuka mita 100 za wima, breki na injini vinapaswa kumeza nishati inayotosha kuchemsha lita 80 za maji. Milima yetu ina mita 100 nyingi kama hizo. Breki iliyokuwa inashika vizuri mjini inafika katikati ya Kitonga au Sekenke fimbo imefika mwisho wa chemba, pedali bado ngumu, na dereva hana habari. Watakaomlaumu baadaye watasema alikuwa mwendokasi. Wakati mwingine ni kweli, lakini wakati mwingine lori lilitoka uani likiwa tayari limeshindwa.

Uvujaji pima hivi: geji imejaa, injini imezimwa, breki zimeachiwa. Ngoja dakika moja. Kwa lori lisilo na tela, kipimo kinachotumika kwa madereva wa Marekani hakivumilii kushuka zaidi ya psi 2, na lenye tela psi 3. Ni kipimo kizuri popote. Mwaga pia maji ya mitungi kila siku, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam ambako hewa ina unyevu na malori mengi ya zamani hayana kikaushio cha upepo. Maji yakitoka na oili, kompresa imechoka. Na vumbi jeusi ndani ya dramu usilipulize kwa upepo. Breki shoo za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na madhara yake kwenye mapafu hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati hakuna tena anayekumbuka gereji. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa kibichi ndani ya mfuko uliofungwa.

Rimu za ringi, zile za matairi ya tyubu kama 10.00-20 na 12.00-20, ndizo zinazomaliza mafundi pancha. Ringi, ile pete ya chuma inayozuia tairi lisitoke kwenye rimu, inashikwa na presha ya tairi lenyewe; ikiwa imepinda, imeliwa na kutu, au imetoka kwenye rimu ya aina nyingine, inatoka wakati wa kujaza na haichagui inayemkuta. Kabla hujalegeza hata nati moja ya tairi za nyuma, toa upepo wa tairi zote mbili, ya nje na ya ndani, kwa kung'oa kile kipini kilicho ndani ya valvu. Ujazaji ufanyike ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe, na wewe ukiwa pembeni, si mbele ya ringi. Tairi iliyotembea ikiwa chini ya asilimia 80 ya presha yake haijazwi ikiwa bado kwenye lori. Inafunguliwa na kukaguliwa kwanza. Tabia ya kuigonga ringi kwa nyundo ili "ikae" huku upepo unaingia sina maneno laini ya kuieleza. Ni kujiua.

Sasa chesisi, na hapa ndipo wateja wetu wengi hukasirika. Anataka bodi irefuke mita moja, au lori la mizigo ligeuke tipa, au iongezwe ekseli. Fundi anakata boriti, ule mhimili mrefu wa chesisi, wima kama anayekata bomba, anachomelea kwa vijiti vile vile vya geti, anabandika kipande cha chuma juu ya mshono na kukichomelea pande zote nne. Siku ile inaonekana imara kuliko awali. Baada ya miezi kadhaa ufa unaonekana, na hauonekani kwenye mshono bali pembeni yake, pale kipande cha nyongeza kilipoishia.

Sababu iko wazi. Boriti ya chesisi imekusudiwa ijikunje kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni. Ukiifanya ngumu mno mahali pamoja, mkunjo wote unahamia mpaka wa sehemu ngumu na laini, na moto wa kuchomelea umekwisha kudhoofisha chuma mahali hapo hapo. Chuma huchoka kwa kurudiarudia. Baadhi ya malori, hasa ya Kimarekani, yana boriti zilizotiwa nguvu kwa moto kiwandani. Hizo ukizichomelea umeondoa kile ulichokinunua. Tafuta kibao au maandishi ya onyo kwenye chesisi, na mwongozo wa mtengenezaji wa lori.

Pale mtengenezaji anaporuhusu kurefusha, kazi huwa na sura nyingine kabisa. Mkato ni wa mshazari, si wima. Kingo zinachongwa ili chuma kipya kiingie mpaka ndani. Vijiti vya kuchomelea ni vya aina ya 7018, tena vikavu, maana vikinyonya unyevu wa pwani mshono unapasuka kwa ndani bila kuonekana. Chuma cha nyongeza kinakaa ndani ya boriti, ncha zake zimepunguzwa taratibu badala ya kukatwa mraba, na kinashikwa kwa bolti za daraja la 8.8 au 10.9 kwenye ubavu uliosimama. Ukiacha mshono wenyewe, ukingo wa juu na wa chini hautobolewi wala kuchomelewa, kwa kuwa huko ndiko mvutano ulipo mkubwa. Waya wa ardhi wa mashine ushikwe karibu kabisa na mshono. Ukiufunga mwisho wa pili wa lori, umeme utapita kwenye beringi za habu na kuzitia vidonda.

Na bado hujamaliza. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, imerefuka pamoja na chesisi. Bomba likirefuka kwa robo, mwendo ambao linaanza kuyumba na kujipinda unashuka kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo panatakiwa beringi ya kati badala ya bomba moja refu. Misalaba ya ncha zote mbili lazima itazame upande mmoja. Wengi huchomelea kwa macho, kisha wanalaumu giaboksi kwa mtetemo.

Uzito nao unahama. Chukua lori ambalo ekseli zake ziko mita 4.5. Weka mzigo wa tani 2 kwenye mkia mpya, mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nyuma haipati tani 2. Inapata karibu 2.9, na hizo 0.9 za ziada zimenyanyuliwa kutoka mbele. Dereva atakusifu kwamba usukani umekuwa mwepesi. Ni sifa mbaya hiyo, kwa maana kwenye kona yenye maji tairi za mbele hazina cha kukanyagia.

Mizani haitakusifu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2016, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili pacha na 24 kwa tatu. Jumla ya gari lote isizidi 56. Kuongeza bamba za springi hakubadilishi hata namba moja kati ya hizo. Kunaongeza tu uwezo wa lori kubeba kisichoruhusiwa, huku habu, breki na matairi yakibaki yale yale. Na barabara inaumia kuliko watu wanavyodhani: majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Tani 12 badala ya 10 ni uharibifu mara mbili.

Kufungua pampu ili itoe dizeli zaidi nakutaja kwa ufupi. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia bila kuitumia, joto la egzosti linapanda, pistoni zinayeyuka vichwa, na breki hazikuongezewa chochote. Ukipima nozeli, usiweke mkono mbele ya mnyunyizo. Presha ya zaidi ya bar 200 inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha sindano, lakini anayepata hicho anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Tipa likiinuliwa, hakuna anayeingia chini mpaka bodi iwe tupu na imewekewa mhimili wa chuma. Jeki ya majimaji, ya lori au ya bodi, ni ya kunyanyua, si ya kushikilia. Tangi la dizeli usilichomelee kwa kuwa tu "limekaa tupu". Mabaki yaliyoganda kwenye kona hugeuka mvuke yanapopashwa moto. Mpe anayelisafisha kwa mvuke, au nunua jingine.

Kazi ikiisha, kadi ya gari isomeke kama lori lilivyo. Injini iliyobadilishwa ina namba nyingine, na ekseli au umbo jipya vinapaswa kuandikishwa TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, kisha bima waarifiwe kwa maandishi. Tunza risiti ya injini na jina la aliyechomelea chesisi. Safari ya kwanza iwe bila mzigo, ya pili kwa nusu mzigo. Kila baada ya safari, zunguka na tochi ukitazama mishono, gusa habu kwa mgongo wa mkono kulinganisha joto lake, kaza tena nati za tairi na yu-bolti za springi, na pima fimbo za breki upya.