Mkoba mdogo wa dharura kwa wapanda milima wa Gombe na Mahale

Wageni wengi wanaokwenda Gombe au Mahale, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, hufika kwa boti, hushuka ufukweni na mabegi makubwa, kisha huyaacha kambini na kuanza kupanda wakiwa na chupa moja ya maji na simu. Sababu yao inaeleweka, kwani hakuna apendaye kubeba mzigo mzito kwenye mwinuko mkali. Tatizo ni kwamba vifaa vya dharura navyo hubaki chini pamoja na nguo za kubadilisha. Sisi tunaofundisha huduma ya kwanza na uokoaji tunashauri vifaa hivyo vifungwe peke yake katika mkoba usiozidi kilo moja na nusu, bila kuhesabu maji, na mkoba huo usitoke mgongoni hadi safari iishe.

Cha kwanza kuingia mkobani ni tochi ya kuvaa kichwani. Kigoma jua huzama karibu saa moja jioni, giza hufuata upesi, na chini ya miti mikubwa ya mabondeni huwahi zaidi. Tochi ya simu haitoshi, kwa sababu humaliza chaji ambayo ungeihitaji kupiga 112, nambari ya dharura. Mahali pasipo na mtandao, simu huutafuta muda wote na betri huisha haraka, hivyo ni vyema iwekwe katika hali ya ndege mpaka itakapohitajika. Karibu na tochi iwekwe filimbi ya plastiki, ambayo haina uzito wa kuzungumzia. Mtu anayepiga kelele hukauka sauti mapema, lakini filimbi hupulizwa hata na aliyechoka: mara tatu, kisha kimya cha dakika moja cha kusikiliza, kisha tena.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni baridi, pengine kwa sababu joto la Kigoma mjini humfanya mtu asiiwazie. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe katika Mahale kiko mita 2,462. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 katika kila mita 1,000 za kupanda, kileleni huweza kuwa na baridi kwa nyuzi 10 hivi kuliko ufukweni, na mtu aliyelowa jasho au mvua hupoteza joto kwa kasi. Blanketi la dharura, yaani karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa alumini, hukunjwa likaenea kiganjani na lina uzito usiofika gramu 100. Kabla ya kujifunika, vua nguo iliyolowa na utandike majani makavu, kwani ardhi nayo hunyonya joto la mwili. Koti jepesi la mvua na khanga moja vinakamilisha sehemu hii. Khanga hiyohiyo hutumika kutundika mkono uliovunjika na kuchuja maji yenye tope.

Maji ndiyo mzigo wenyewe, kwa sababu kila lita ni kilo moja. Gombe ina vijito vinavyoshuka ziwani, hivyo mtu anaweza kupunguza uzito kwa kubeba vidonge vya kutibu maji na kujaza chupa njiani. Katika misitu ya miombo ya Tabora hali ni tofauti kabisa: wakati wa kiangazi vijito vingi hukauka, maji yote hubebwa kutoka nyumbani, na kwa kuwa nchi ni tambarare na miti hufanana, dira huwa na thamani kuliko kifaa kingine chochote. Nguo za buluu na nyeusi zisivaliwe huko, maana huvutia mbung'o.

Kwa huduma ya kwanza zinatosha bendeji pana ya kuvutika, plasta, pakiti mbili za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na dawa zako za kila siku. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe sumu wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kifungwe banzi kisitikisike, naye apelekwe hospitali.

Chakula kiwe karanga na asali kidogo ya Tabora katika chombo kilichofungwa vizuri. Dagaa ni chakula bora, lakini harufu yake huwaita nyani, na nyani wa Gombe hawaombi. Barakoa nayo isisahaulike, kwa kuwa sokwe huambukizwa mafua yetu.

Kabla ya kuondoka, mwachie mwenyeji wako karatasi yenye jina la njia, idadi ya mlio pamoja, saa ya kurudi, na saa ambayo, asipowaona, atawaarifu askari wa hifadhi.