Damu kwenye skrini na swali la "nimepona?"

Wagonjwa wa kansa wanaokuja kutoa damu kwenye maabara yetu hapa Mbeya siku hizi wanafika na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya daktari, ina vipimo vinavyotakiwa kabla ya dripu ya kemo. Ya pili wameipata kwenye ofisi za juu ghorofani au kwenye hema la "huduma ya afya" karibu na stendi. Imechapishwa kwa rangi, ina maneno kama "kiwango cha sumu", "asidi ya damu" na "fangasi kwenye damu", na chini kabisa kuna orodha ya dawa za kununua. Wananisogezea ile ya pili na kuniuliza taratibu, "Na hii, mtaalamu, ikoje?"

Dirishani foleni ni ndefu, siwezi kueleza vizuri. Ngoja nieleze hapa.

Vipimo hivyo viko vya aina mbili, na watu huvichanganya. Kimoja hakigusi damu kabisa: unashika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, unaulizwa umri, jinsia, kimo na uzito, na baada ya muda mfupi printa inatema kurasa kuhusu ini, figo, "mishipa" na damu yako. Hicho sina mengi ya kukisema. Hakuna damu iliyochukuliwa, kwa hiyo hakuna damu iliyopimwa.

Cha pili kinastahili kuelezwa, kwa sababu kinashawishi hata watu wenye elimu yao. Mpimaji anakuchoma kidole, anaweka tone kwenye slaidi, anafunika kwa kioo chembamba, kisha anaiweka kwenye hadubini yenye kamera. Damu yako inatokea kwenye skrini, hai, inacheza. Umeiona kwa macho yako mwenyewe, utabisha nini?

Hadubini yenyewe haina kosa. Ile inayoonyesha vitu vinang'aa kwenye weusi ni chombo cha maana. Kwa miaka mingi imetumika kuona vijidudu vya kaswende, ambavyo ni vyembamba mno kwa mwanga wa kawaida. Na tone la damu mbichi, lisilopakwa rangi yoyote, linaweza kukuonyesha vimelea vya malale au minyoo michanga ya matende wakijinyonganyonga. Tatizo ni maelezo yanayopachikwa juu ya picha.

Seli nyekundu zikionekana zimelaliana kama sarafu zilizopangwa, utaambiwa damu yako ni nzito na imejaa sumu. Kukaa hivyo kunatokana na protini za kwenye damu, hasa fibrinojeni, ambazo hupanda mtu akiwa na maambukizi, akiwa mjamzito, na ndiyo, hata akiwa na kansa. Lakini seli za mtu mzima wa afya nazo hulaliana ukiangalia sehemu ya slaidi ambayo damu ni nene. Ipo kansa moja ya uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), myeloma, ambayo hali hii hutufanya tushtuke kweli. Hata hapo hatumwambii mtu ana kansa kwa kutazama. Tunapima protini, na daktari anachukua sampuli ya uboho.

Kisha kuna "seli zenye miiba". Ukikaa na slaidi ya damu mbichi dakika chache utaona inavyokuwa: ukingo wa kile kioo unaanza kukauka, chumvi inazidi kwenye maji yaliyobaki, na seli za pembeni, ambazo mwanzo zilikuwa duara laini, zinaota vinundu mzunguko mzima. Unasogeza slaidi katikati, bado laini. Unarudi pembeni, miiba imeongezeka. Mpimaji anayekuambia "ona seli zako zinavyoshambuliwa" anakuonyesha slaidi inayokauka. Vile vidoa vidogo vinavyometameta na kuruka huku na huku, vinavyoitwa vimelea au fangasi, mara nyingi ni matone ya mafuta ya chakula. Kunywa chai ya maziwa na chapati mbili asubuhi, utakuwa navyo tele.

Kuhusu asidi: damu ya binadamu hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45, na mapafu na figo hufanya kazi usiku na mchana kuilinda hapo. Mtu ambaye damu yake imekuwa na asidi kweli hapandi ngazi kwenda kupimwa ghorofani. Anakuwa wodini, hoi.

Msingi wa kusoma damu namna hii ulitoka kwa Mjerumani Günther Enderlein, aliyezaliwa mwaka 1872 na kufariki 1968. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, hasa wadudu, na aliamini kuna viumbe vidogo kwenye damu vinavyobadilika umbo hadi kuleta magonjwa. Wajerumani wenyewe waliijaribu njia hiyo kwa kansa, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Kati ya wagonjwa 110, 12 walikuwa na kansa iliyosambaa kwa ushahidi wa picha. Hadubini iliwatambua 3. Tisa wangepelekwa nyumbani wakiambiwa wako salama.

Hao tisa ndio wanaonisumbua kuliko shilingi zinazopotea.

Mama mmoja kutoka upande wa Tukuyu, mwenye kansa ya shingo ya kizazi, alifika kwetu akisindikizwa na binti yake. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia kwa furaha kabisa, "Mwanangu, leo sijaja kwa ugonjwa. Nimeombewa Jumapili, Jumatatu nikapimwa kwenye ile televisheni, damu imesafishika. Nataka tu mniandikie, nisirudi tena Dar." Binti alikuwa ananiangalia juu ya bega la mama yake. Nikamwambia mama akae, nikachukua damu ya kawaida kabisa, mrija mmoja wenye kifuniko cha zambarau. HB, yaani wingi wa damu, ilikuwa 7.4, wakati mwanamke tunategemea awe na 12 au zaidi. Kwa taratibu binti akakubali kwamba damu bado inatoka ukeni, wanabadilisha vitambaa usiku.

Ilikuwa damu ileile. Kwenye skrini ilionekana nzuri huenda kwa sababu seli zilikuwa chache na zenye nafasi ya kutosha kutapakaa. Kwenye mashine ya kuhesabu, ilikuwa inasema mama amepungukiwa damu vibaya.

Na hapa niseme jambo ambalo hata ndugu zetu wa hospitali hawalielezi vya kutosha: hata maabara halisi haiwezi kusema kwa damu kwamba kansa ya shingo ya kizazi ipo au imekwisha. Huo ugonjwa huonwa kwa macho ya daktari na kuthibitishwa kwa kinyama kinachokatwa, kikawekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Ndivyo ilivyo kwa matiti, koo na utumbo pia. Kansa za damu zenyewe, kama lukemia, tunaweza kuzishuku kwenye slaidi iliyopakwa rangi, na bado uboho hupimwa kuthibitisha.

Wazee wa kiume huniomba "kile kipimo cha damu cha kansa", wakimaanisha PSA, kipimo cha protini ya tezi dume. Ni kipimo cha kweli, lakini hupanda pia kwa tezi dume iliyokua tu kwa umri, kwa maambukizi, hata baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. CA-125, kinachotumika kwa kansa ya ovari, kwa akina mama hupanda wakati wa hedhi na kwa kifua kikuu cha tumboni. Faida yake kubwa ni kwa mtu ambaye kansa yake imeshathibitishwa: tunafuata namba hiyo miezi na miezi kuona inashuka au inapanda. Huko Marekani mwaka 2024 waliidhinisha kipimo cha damu cha kuchunguza kansa ya utumbo mpana kwa kutafuta vipande vya DNA. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, ikitoka na dalili, mgonjwa anaingizwa kamera tumboni kabla hajaambiwa lolote. Na Marekani hiyohiyo ndiko kampuni ya Theranos ilikoahidi kupima karibu kila kitu kwa matone machache ya kidole. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani mwaka 2022. Ulaghai wa tone la damu haukuanzia hapa kwetu Mwanjelwa.

Basi damu tunayowachukua kila kabla ya dripu ni ya nini? Tunaangalia kama mwili unaweza kubeba dawa. Kemo huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho unagawanya seli kila saa. Seli nyeupe zinazopambana na bakteria huishi muda mfupi sana, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 7 hadi 10, seli nyekundu siku 120. Ndiyo maana baada ya dripu seli nyeupe hutangulia kushuka, mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Vituo vingi havitoi dozi nyingine seli nyeupe ziitwazo nyutrofili zikiwa chini ya 1.5 au chembe sahani chini ya 100 (kwa maelfu katika kila mikrolita ya damu). Ukipata homa ya 38 katika siku hizo, usingoje asubuhi, usimeze panadol ukalala. Nenda hospitali usiku huohuo.

Wagonjwa wa shingo ya kizazi wanaopata mionzi hupewa pia sisplatini, dawa ya kemo, nayo ni kali kwa figo, hivyo tunapima kreatinini, ambayo hupanda figo zikilemewa. Huku kwetu hili ni la kila siku. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya iko juu kwa maambukizi ya VVU, Njombe ikiwa na asilimia 12.7 katika utafiti wa 2022–2023, na mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kansa hii mara sita hivi kuliko asiye navyo. Wengi hupelekwa Ocean Road, hospitali ya kansa jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Mtu akisafiri yote hayo, akafika kreatinini imepanda kwa sababu ya chupa ya "kusafisha damu" aliyokunywa wiki mbili, dozi inaahirishwa na anaanza kutafuta pa kulala Dar. Juisi ya rozela, ambayo watu hunywa kuongeza damu, sina ugomvi nayo, kunyweni. Lakini isihesabiwe kuwa ni kuongezewa damu.

Sasa imani. Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, kwaya naimba besi, na sikubaliani na wenzangu wa maabara wanaodhani maombi ndiyo adui. Yule mama aliombewa na watu waliomfulia nguo na kumchangia nauli. Sina mashine inayofanya hivyo. Kilichomharibia ni kipimo kilichokuja Jumatatu kujifanya shahidi wa maombi ya Jumapili.

Mchungaji mmoja alinibana juu ya hili: "Nikimwambia muumini aendelee na dawa baada ya kumwombea, sijamwambia kwamba Mungu hakusikia?" Nikamuuliza wale wakoma kumi waliambiwaje. Akacheka, analijua andiko kuliko mimi. Luka 17: waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani. Na ukirudi Walawi 13 utaona kuhani hakuangalia mara moja akaachia. Alimtenga mtu siku saba, akatazama tena, na pengine siku saba nyingine. Aliyeagiza uponyaji hakuogopa uthibitishwe na mtu mwingine, kwa muda unaostahili. Mfalme Hezekia naye aliomba, akaahidiwa miaka, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Kwa hiyo mgonjwa akitaka kushuhudia kanisani, mchungaji anaweza kusubiri ripoti ya daktari anayemtibu. Ushuhuda hauozi.

Tuliyaona haya mwaka 2011, kikombe cha dawa cha Samunge kule Loliondo, kilichosemwa kinaponya kila ugonjwa, kilipouzwa shilingi 500 na nchi nzima ikapanda magari, na hapa Mbeya nako vikombe vikajitokeza. Wapo walioweka dawa zao kando.

Jambo la mfungo naomba wachungaji na mashehe walisikie vizuri. Kufunga bila maji katika wiki ya sisplatini ni hatari. Dawa hiyo hutolewa na maji mengi ya dripu makusudi ili ipite kwenye figo haraka. Kwa Waislamu, Qurani yenyewe, sura ya pili, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Kwa Wakristo sijaona andiko linalomlazimisha mgonjwa. Wenzake wafunge kwa niaba yake, yeye anywe uji.

Na kama kanisa au msikiti unataka kuingia kwenye habari hii ya damu, mlango upo. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko hapahapa Mbeya. Mchango mmoja ni kama mililita 450. Seli nyekundu zikihifadhiwa vizuri hukaa siku 35, lakini chembe sahani hukaa siku 5 tu, kwa hiyo waumini 100 wakichangia Pasaka kwa pamoja, mgonjwa wa lukemia wa mwezi Juni hafaidiki na chembe sahani zao. Jumuiya zikipangiana zamu, hii wiki hii na ile wiki ijayo, inatusaidia zaidi. Mgonjwa mwenyewe na aombe nakala ya majibu yake kila mara, aziweke kwenye faili moja kwa tarehe, na aje nayo hata akiwa na ile karatasi ya rangi. Zote mbili nitazisoma.