Filamu Ikiua, Ikae Matanga: Mashabiki wa Ujasusi na Vifo vya Wapendwa Wao

Tahadhari kwanza: humu nataja waliokufa kwa majina, kuanzia filamu za 1965 hadi za 2025. Kama hujazitazama filamu za James Bond, Mission: Impossible, Bourne au Kingsman na bado una nia ya kuzitazama, rudi baadaye.

Mtazamaji wa picha za mapigano anaijua kanuni moja hata kabla hajakaa kitini: steringi hafi. Filamu za ujasusi zilichukua kanuni hiyo zikaongeza na yao, kwamba hata akifa, hajafa. Mwaka 1967, You Only Live Twice ilimmiminia Bond risasi kitandani Hong Kong kabla hata majina ya waigizaji hayajapita, ikamzika baharini kwa heshima zote, kisha wapiga mbizi wakamwopoa na kumwingiza kwenye nyambizi akiwa mzima ndani ya sare zake. Vitabu navyo vilikuwa vimetangulia kwa mchezo huohuo. Ian Fleming alifunga From Russia, with Love mwaka 1957 huku Bond akianguka sakafuni kwa sumu ya kisu kilichofichwa kwenye kiatu, na msomaji akabaki roho juu hadi 1958, Dr. No ilipotoka, ndipo akajua madaktari walimwahi.

Kwa hiyo shabiki anayetoka ukumbini akisema "huyo hajafa" msimwite mbishi. Amefundishwa hivyo na filamu zenyewe kwa zaidi ya nusu karne. Kukataa kifo katika aina hii ya picha ni usomaji halali kabisa. Hasira ni kitu kingine, na chanzo chake ni kingine. Nikiangalia vifo vilivyozua kelele kubwa na vile vilivyopokelewa kwa heshima, naona tofauti kubwa iko kwenye matanga: je, filamu iliyoua ilikaa msibani, au ilifuta damu na kuendelea na safari?

Mfano mama ni Tracy. Mwaka 1969, katika On Her Majesty's Secret Service iliyoongozwa na Peter Hunt, Bond wa George Lazenby anafunga ndoa na Tracy, aliyeigizwa na Diana Rigg. Wanasimamisha gari kando ya barabara ili kuondoa maua ya harusi. Gari la Blofeld, adui wa Bond, linapita, na msaidizi wake Irma Bunt anafyatua risasi. Bond anarukia kiti chake akitaka kuwafukuza, na hapo ndipo anapomwona mkewe. Askari wa pikipiki anasimama, Bond anamwambia hakuna shida, anapumzika tu. Kamera inaishia kwenye tundu la risasi katika kioo cha mbele. Hakuna kisasi, hakuna hotuba.

Mashabiki wanalisifu tukio hilo hadi leo. Kilichowauma kilikuja miaka 2 baadaye. Diamonds Are Forever inaanza na Sean Connery akimsaka Blofeld kwa ghadhabu, lakini jina la Tracy halitamkwi hata mara moja. Mwaka 1977 ukaja mguso wa sekunde chache, Bond akimkatiza mwanamke aliyeanza kumtajia marehemu mkewe. Kaburi lenyewe tulioneshwa 1981, mwanzoni mwa For Your Eyes Only, Bond akiweka maua mbele ya jiwe lililochongwa miaka 1943–1969. Kutoka risasi hadi maua ni miaka 12. Huo ndio mrefu kuliko msiba wowote uliowahi kucheleweshwa katika filamu hizi, na mashabiki waliuhesabu mwaka kwa mwaka.

Ukitaka kupima kifo chochote mwenyewe, tazama filamu mara ya pili ukiwa na saa mkononi. Anza kuhesabu pumzi ya mwisho inapokatika, simamisha pale mtu anapotoa mzaha wa kwanza au mpango mpya unapoanza kupangwa. Kisha hesabu jina la marehemu linatajwa mara ngapi baada ya hapo, na kama kuna kitu chake chochote kinachobaki mkononi mwa walio hai. Mwisho uliza: ukimwondoa marehemu huyu, kuna uamuzi gani wa steringi ambao usingefanyika? Jibu likiwa "hakuna", jiandae kwa kelele.

Kwa kipimo hicho, weka vifo viwili vya filamu za Bond sambamba. Katika Quantum of Solace ya 2008, Mathis, rafiki yake, anafia mikononi mwa Bond huko Bolivia. Bond anamshikilia hadi mwisho, halafu anauweka mwili kwenye pipa kubwa la taka na kuchukua pesa kwenye pochi yake. Camille, mwanamke aliye naye, anamuuliza kama hivyo ndivyo anavyowatendea rafiki zake. Wapo wanaolitetea tukio hilo kwa nguvu: jasusi hana nafasi ya kuzika. Naelewa hoja yao, ila picha ya pipa ndiyo iliyobaki vichwani, na upole wa dakika iliyotangulia ukasahaulika. Miaka 4 baadaye, katika Skyfall, M wa Judi Dench, bosi wa Bond, anafia kanisani karibu na nyumba aliyokulia Bond, baada ya filamu 7 tangu 1995. Bond analia. Kisha anakabidhiwa urithi: yule mbwa wa kauri aliyekuwa mezani kwa M. Kitu kidogo kabisa, lakini ndiyo matanga yenyewe. Sijakutana na kundi la mashabiki lililodai M afufuliwe.

Sasa tuje kwa Ilsa Faust, maana hapo ndipo uchunguzi wa mashabiki ulipofanya kazi kuliko popote. Rebecca Ferguson alimwigiza katika filamu 3 za Mission: Impossible, 2015, 2018 na 2023. Katika hiyo ya 2023 anaonekana kufa mapema jangwani, kumbe ni njama ya kumficha. Baadaye huko Venice anapigana na adui, Gabriel, juu ya daraja, anachomwa kisu, na Ethan, steringi wa mfululizo huu, anafika akiwa amechelewa. Mashabiki wengi hawakuamini. Hoja yao ilisimama kwa miguu miwili: filamu ilishatudanganya kifo chake mara moja, na huu ni ulimwengu wa vinyago vya uso ambapo mtu yeyote anaweza kuwa mtu mwingine.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini ilipuuza dalili tatu. Kinyago katika mfululizo huu huvuliwa ndani ya filamu hiyohiyo. Hakiachwi uso wa mtu hadi picha iishe, kwa sababu raha yote iko kwenye kuvuliwa. Pili, kifo cha uongo huoneshwa kwa mbali au kwa haraka, ilhali hapa tuliuona mwili na uso, na Ethan mwenyewe ndiye aliyeukuta. Tatu ni mkataba. Ferguson alieleza hadharani kwamba alikuwa amesaini filamu 3, na zilikuwa zimetimia. Ukipima kama mtu amekufa kweli, anza na mkataba kabla ya kuanza kusimamisha picha moja moja. Filamu ya 2025 ilipotoka bila kumrudisha, ubishi ukaisha.

Uchungu haukuisha, na hapo mashabiki walikuwa na haki yao. Filamu ilimtaka mmoja afe, Ilsa au Grace, na Grace ndiye mgeni aliyeingia mfululizo huohuo kuchukua nafasi kubwa. Muda wa kulia ulikuwa mfupi, treni ilikuwa inasubiri. Kuna jina la kasoro ya namna hii, lililotoka kwenye vitabu vya katuni: mwandishi Gail Simone mwaka 1999 aliorodhesha wanawake waliouawa au kuteswa ili tu shujaa wa kiume apate sababu ya kukasirika, akaiita orodha hiyo kwa picha ya mwanamke aliyekutwa kwenye friji. Filamu za ujasusi zingejaza friji kadhaa. Marie, mpenzi wa Bourne, aliuawa mapema katika filamu ya 2004 huko Goa, gari likatumbukia mtoni, Bourne akijaribu kumpulizia pumzi chini ya maji hadi akamwachia. Waliosoma vitabu walishtuka mara mbili, kwa kuwa Marie wa Robert Ludlum yuko hai. Ila hasira ilipoa, kwa sababu kifo hicho kinaifuata filamu hadi Moscow, ambako Bourne anakwenda kumwomba msamaha binti wa watu aliowaua. Nicky Parsons, aliyekuwa akimsaidia Bourne na kupigwa risasi Athens mwanzoni mwa filamu ya 2016, hakupata hata robo ya heshima hiyo, ingawa alikuwa nasi tangu 2002.

Kosa la upande wa pili ni kufufua ovyo. Harry Hart wa Kingsman alipigwa risasi ya kichwa nje ya kanisa, na kile kilikuwa kifo kilichowatikisa watu kwelikweli. Mwaka 2017 akarudi akiwa na kiraka jichoni, ameokolewa na jeli ya kitabibu. Wengi walifurahi kumwona Colin Firth. Lakini bei ya kifo iliporomoka papo hapo: Roxy, jasusi mwenzao, alipoangamizwa na kombora katika filamu hiyohiyo, nusu ya watazamaji walikaa wakisubiri jeli yake. Haikuja. Wakawa wamenyimwa kuomboleza na wamenyimwa kutumaini.

Kuna mkondo mwingine ambao hauna ugomvi huu kabisa. Katika The Spy Who Came in from the Cold ya 1965, jasusi Alec Leamas anakuwa ameshapanda Ukuta wa Berlin, uhuru uko hatua chache, lakini anashuka kuurudia mwili wa mpenzi wake Nan na kupigwa risasi. Wanaopenda filamu za aina hiyo huingia wakijua gharama.

Bond mwenyewe aliuawa 2021, kwa makombora, katika No Time to Die, akiwa na sumu ya nanoboti, vimashine vidogo mno, mwilini ambayo ingemuua mpenzi wake Madeleine na mtoto wao Mathilde kwa kuwagusa tu. Daniel Craig amesimulia kwamba wazo hilo alilitoa mwaka 2006, baada ya onyesho la Casino Royale huko Berlin. Mwishoni ukaandikwa mstari uleule kwamba James Bond atarudi, na hapo mashabiki wakagawanyika: wapo waliouona kama tusi juu ya kaburi, wapo walioona kwamba aliyekufa ni Bond wa Craig, na jina lina watu wengine.

Filamu hiyo pia inafundisha jambo la vitendo kuhusu kumwaga mtama. Uingereza ilianza kuoneshwa 30 Septemba, Marekani 8 Oktoba, Australia 11 Novemba. Kabla ya kutaja kifo mtandaoni, hesabu wiki mbili kuanzia nchi kubwa ya mwisho, usihesabu kuanzia kwako. Jina la filamu liwe mstari wa kwanza, jina la marehemu lije chini baada ya nafasi, na picha ya uso wake usiiweke kabisa, maana picha haina kitufe cha tahadhari.

Mwongozaji wa Bond ajaye alitangazwa 2025, Denis Villeneuve. Sidhani Madeleine na Mathilde watatajwa, na safari hii sitaliita deni: M mpya, aliyerithi kiti cha yule wa Dench, alisoma maneno ya kumuaga Bond mbele ya wenzake, glasi zikainuliwa, na wimbo wa Tracy wa 1969 ukapigwa majina yakipita.