Je, wajua kwa nini mgonjwa mmoja hatoshi kumpima daktari?

Daktari anayesomea ubingwa akimaliza miaka yake wodini, itajulikanaje kwamba sasa anaweza kuachiwa wagonjwa peke yake? Kwa muda mrefu niliamini njia bora ni ile ya zamani: apewe mgonjwa mmoja wa kweli, akae naye saa nzima, kisha mabingwa wamhoji. Kama matokeo hayaaminiki, nilidhani, kosa ni la watahini, kwa kuwa mmoja ni mkali na mwingine mpole. Basi waongezwe watahini.

Nilikosea, na wengi hukosea papo hapo. Ni kweli watahini hutofautiana. Lakini kinachoyumbisha alama zaidi kwa kawaida ni kesi yenyewe. Mwaka 1978 Arthur Elstein, Lee Shulman na Sarah Sprafka wa Marekani walichapisha uchunguzi wao wa namna madaktari wanavyofikiri wanapotafuta ugonjwa. Walikuta kwamba aliyeng'ara kwenye kesi moja hakuwa na uhakika wa kung'ara kwenye inayofuata. Umahiri wa kutambua ugonjwa haukai peke yake kichwani kama kipaji kimoja. Umeshikamana na ujuzi wa ugonjwa husika.

Fikiria nyumba ya vyumba thelathini, usiku, nawe una tochi. Ukikaa saa nzima kwenye chumba kimoja, utakijua hadi nyufa za ukutani, lakini kuhusu nyumba hujui kitu. Ukimwita mtu wa pili aje aangalie chumba hicho hicho, mtakubaliana vizuri zaidi juu ya kilichomo humo, na vile vingine vitabaki gizani. Saa hiyo hiyo ukiigawa kwa vyumba kumi na viwili, dakika tano tano, hakuna utakachokijua kwa undani, ila sasa unaweza kuizungumzia nyumba. Hata hapo umekadiria tu, maana vyumba kumi na vinane hujavitia mguu.

Ndiyo maana ninauona mtihani ulioelezwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, mwaka 1975, kuwa wazo zuri mno. Mtahiniwa huzunguka vituo vingi vya dakika chache. Anasoma karatasi mlangoni: mwanamume, miaka 54, maumivu ya kifua. Kengele inalia, anaingia. Aliyelala kitandani mara nyingi ni mtu aliyefunzwa kuigiza mgonjwa, na anawajibu wote vilevile. Mtahini yuko pembeni na orodha yake. Kengele ikilia tena, safari ya kituo kingine, mtahini mwingine. Ukali wa mmoja unafidiwa na upole wa mwingine bila mtu kupanga.

Hata hivyo, kila mtu pale anajua anatazamwa. Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, alichora piramidi ya umahiri yenye ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha, anatenda. Mtihani wa maandishi hupima ngazi za chini, vituo hupima ya tatu. Ya nne iko wodini, saa nane usiku.

Huko ndiko inakohitajika tathmini ya msimamizi, nayo ina udhaifu wake. Tangu 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi wakiwapima walio chini yao, sifa moja huzitia rangi nyingine zote. Fomu za wodini huja vivyo hivyo: 4, 4, 4, 4, kuanzia maarifa hadi usafi wa kumbukumbu anazoandika za wagonjwa. Olle ten Cate wa Uholanzi, mwaka 2005, alipendekeza uamuzi ujengwe juu ya imani: kazi hii, je, naweza kumwachia bila mimi kuwepo? Msimamizi hulijibu swali hilo kwa uzito zaidi, ingawa ushahidi kwamba majibu yake hutabiri hali ya wagonjwa baadaye bado ni mwembamba. Kwa mitihani upo kiasi: utafiti wa Kanada wa mwaka 2007 ulikuta kwamba waliopata alama ndogo za mawasiliano na wagonjwa walilalamikiwa zaidi miaka iliyofuata. Ni uhusiano tu, hauthibitishi chanzo.

Mimi fomu ninayoithamini ni ile yenye sentensi moja chini ya tarakimu: "Alimweleza mama dalili za hatari za mtoto, hakumwuliza kama ameelewa." Zikikusanywa sentensi ishirini za namna hiyo, kutoka kwa wasimamizi tofauti na wagonjwa tofauti, kamati inayoamua inakuwa na cha kusoma.