Kutu ya kijani na dhana nyingine potofu kuhusu rangi za shaba

Pita Mji Mkongwe asubuhi uangalie njumu za milango ya zamani. Zile zisizosuguliwa zimeota kijani pale shaba inapokutana na ubao, na hutakosa mtu wa kukwambia, "Hiyo imeshaoza, kutu inaula mlango."

Siyo hivyo hasa. Kutu ya chuma hubanduka, chuma kipya kikabaki wazi kuliwa. Utando wa kijani wa shaba hung'ang'ania, na mara nyingi ndio unaoilinda shaba iliyo chini yake. Ila sisi ni watu wa pwani, na upepo wetu una chumvi. Ukiona kijani kilichopauka, cha ungaunga, kinachopukutika ukikigusa kwa kidole, hicho kinakula kweli. Nako kusugua kwa ndimu na chumvi kunang'arisha siku ile ile, lakini usiposuuza vizuri umeiachia shaba chumvi ile ile inayoidhuru.

Wengine hukiona kijani hicho ni uchafu usio na faida. Montpellier, kusini mwa Ufaransa, wanawake walikuwa wakikiotesha makusudi majumbani mwao: vipande vya shaba vyunguni pamoja na makapi ya zabibu yaliyochacha. Siki ikifanya kazi yake, shaba inaota kijani, wanakikwangua na kukiuza kwa wachoraji.

Kuna wanaodhani buluu zote za kale zilichimbwa. Azuriti, jiwe lenye shaba, ndiyo, lilisagwa. Na ukilisaga laini mno linapauka, hivyo wachoraji waliotaka buluu iliyokolea waliliacha na chengachenga. Lakini Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walipika buluu yao tanuruni: mchanga, chokaa, shaba na magadi, kwenye joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi.

Na mrututu je, si buluu nzuri ya shaba? Nzuri kuitazama. Unayeyuka majini kama sukari. Upake ukutani, masika ya kwanza yanaondoka nao.

Dhana inayonitia hofu ni hii ya kwamba rangi za zamani ni za asili, basi hazina madhara. Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliunganisha shaba na arseniki, ambayo ni sumu kali, akapata kijani kilichokuja kupamba karatasi za ukutani huko Ulaya. Kijani kingine cha aina hiyo, kilichotoka mwaka 1814, baadaye kiliuzwa kuulia panya na wadudu. Watu walilala vyumba vilivyozungukwa na rangi za namna hiyo, wakaugua.

Wala msiseme rangi za shaba zimekwisha zamani. Buluu ya ftalosianini, iliyoingia sokoni mwaka 1935, ina chembe ya shaba katikati ya kila molekuli, imekamatwa barabara haichomoki. Ndiyo imejaa kwenye makopo ya rangi hadi leo. Fundi anayekoroga buluu ya kupaka ngalawa pale ufukweni, huenda anakoroga shaba na hana habari.